Mwongozo Kamili: Kumiliki Vijiti vya Kufungulia Kufuli kama Burudani bila Kuvunja Sheria, Tanzania Bara na Kenya

Kipochi changu kina vijiti kumi na viwili vya chuma cha pua, vyembamba kiasi kwamba vyote pamoja havizidi unene wa kalamu mbili, na kinatosha katika mfuko wa shati. Kikiwa mezani kwangu saa 8:00 mchana, pembeni mwa kufuli ya shaba iliyobanwa kwenye jiliwa, ni kifaa cha burudani kama kete za bao. Kikiwa mfukoni mwangu saa 2:00 usiku nyuma ya safu ya maduka yaliyofungwa, kipochi hicho hicho kinaweza kunifikisha mahakamani, na kwa Tanzania Bara mimi ndiye nitakayetakiwa kueleza kwa nini ninacho.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu vijana wengi wanaoanza kupenda kufuli huku kwetu hujifunza kutoka kwa Wamarekani na Waingereza, ambao huwaambia kwa moyo mweupe kwamba kumiliki vifaa hivi ni halali. Wanasema kweli kuhusu sheria za kwao, tena si za kila mahali huko kwao. Katika jimbo la Virginia, kwa mfano, kukutwa na vifaa vya aina hii kunachukuliwa na sheria kuwa ushahidi wa awali wa nia ya kuvunja au kuiba, isipokuwa kwa mfanyabiashara wa vifaa hivyo mwenye leseni. Japani ilitunga mwaka 2003 sheria inayokataza kumiliki vifaa maalumu vya kufungulia kufuli bila sababu ya msingi. Aliyeko Mbeya au Kisumu hahukumiwi kwa sheria za watu hao, bali kwa maneno yaliyoandikwa katika Kanuni ya Adhabu ya nchi yake, na maneno hayo yanastahili kusomwa moja baada ya jingine.

Kuhusu majina: nitasema "vijiti" nikimaanisha zana zote za kuchokonolea kufuli, pamoja na kile chuma kilichopinda kinachokaza silinda, yaani sehemu ya kufuli inayozunguka pamoja na ufunguo, wakati kijiti kingine kinainua pini, vile vipande vidogo vya chuma vinavyoizuia silinda isizunguke. Ufunguo malaya, yaani ule unaofungua vitasa vingi, ni kitu tofauti, na nitaueleza peke yake kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakuuliza nini

Hakuna kifungu, Tanzania Bara wala Kenya, kinachosema kwamba kijiti cha kufungulia kufuli ni marufuku kama ilivyo bunduki isiyo na kibali. Sheria zote mbili zinatazama mazingira ambamo kifaa kimekutwa. Tofauti yao iko katika mazingira yepi.

Tanzania Bara inatumia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu kinachotuhusu ni kile cha watu wanaokutwa na silaha au vifaa kwa nia ya kutenda kosa, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kuwa cha 298. (Sheria za Tanzania zimechapishwa upya katika Toleo la Marekebisho la 2023, kwa hiyo ukifungua nakala yako tafuta kichwa cha kifungu kuliko namba.) Kifungu hicho kinamtaja, miongoni mwa wengine, mtu anayekutwa usiku akiwa na kifaa chochote cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, na kinaongeza maneno mazito: mzigo wa kuthibitisha sababu hiyo uko juu yake. Kisha kinamtaja anayekutwa na kifaa kama hicho mchana akiwa na nia ya kutenda kosa. Kwa hiyo mchana upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba ulikuwa na nia mbaya, ilhali usiku ukimya wako unatosha kukuangusha.

Usiku wa sheria si giza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inauhesabu kuanzia saa 1:00 jioni hadi saa 12:00 asubuhi. Dar es Salaam jua huwa limezama kabla ya saa 1:00 mwaka mzima, lakini Kigoma, mwezi wa Januari, saa hiyo inapofika jua bado linaonekana juu ya Ziwa Tanganyika. Mtu anayetembea pale na kipochi chake huku akiona nuru anaweza kudhani bado ni mchana, ilhali kisheria ameshaingia usiku na mzigo wa kuthibitisha umeshahamia kwake.

Kuna jambo jingine katika kifungu hicho ambalo wengi hulipita. Hakisemi kwamba lazima uwe nje ya nyumba yako. Kukutwa na kifaa usiku ndiko kunakotajwa, na mtu anaweza kukutwa nacho chumbani kwake polisi wakija kupekua kwa sababu nyingine kabisa. Ndiyo maana hatua ya tano hapa chini, inayohusu hifadhi ya nyumbani, si ya mapambo.

Kenya inatumia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 308(2). Maneno yake yanamlenga mtu ambaye, akiwa si mahali anapoishi, ana kitu chochote cha kutumia katika uvunjaji wa nyumba usiku, wizi au ulaghai. Hapo saa haina maana. Kinachohesabiwa ni kama uko nyumbani au hauko. Kisha kifungu kinasema kwamba ukithibitika kuwa na kitu kilichotengenezwa au kugeuzwa kwa ajili ya makosa hayo, huo wenyewe ni ushahidi kwamba ulikuwa nacho kwa matumizi hayo. Adhabu inafika kifungo cha miaka mitano, na kumi kwa aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa linalohusu mali.

Asili ya tofauti hii inasaidia kuielewa. Kanuni za adhabu za Tanganyika na Kenya zote mbili zilitungwa mwaka 1930, chini ya Waingereza. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya 1916 ilikuwa inamtia hatiani anayekutwa usiku, bila sababu halali, akiwa na ufunguo, kijiti cha kufungulia kufuli, mtaimbo, jeki, keekee au chombo kingine cha kuvunjia nyumba. Kijiti kilitajwa kwa jina lake. Maneno ya Tanzania ni mtoto wa maneno hayo. Uingereza yenyewe iliyaacha mwaka 1968 ilipotunga Sheria mpya ya Wizi, ambayo kifungu chake cha 25 kinazungumzia mtu aliye nje ya makazi yake, na kifungu cha Kenya kimeandikwa kwa mtindo huo huo. Ninalitaja hili kwa sababu nimewasikia watu wakibishana kwamba kijiti kidogo namna hii hakiwezi kuitwa kifaa cha kuvunjia nyumba. Sheria mama ilikitaja waziwazi, na sioni busara ya kuuweka uhuru wako juu ya hoja kwamba hakimu wa leo atakitazama kwa jicho jingine. Hoja yako iwe kwamba una sababu halali, kisha uwe nayo kweli.

Jambo la mwisho la kisheria ni maana ya kuvunja. Kifungu cha 293 cha Tanzania na cha 303 cha Kenya vinasema kwamba kufungua mlango uliofungwa, iwe kwa kufungua kitasa, kuvuta, kusukuma, kuinua au kwa njia nyingine yoyote, ni kuvunja. Haihitajiki ubao upasuke. Mlango uliofunguliwa kwa ustadi bila mkwaruzo hata mmoja umevunjwa kisheria sawasawa na ule uliopigwa teke.

Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, na mwenye kuishi Unguja au Pemba aisome hiyo badala ya kutegemea maelezo haya ya Bara.

Hatua ya pili: chagua vifaa vinavyoeleza burudani

Mtu anayejifunza hahitaji vijiti arobaini. Ndoano mbili au tatu, kijiti kimoja chenye mawimbi, na vyuma vitatu vya kukazia vya unene tofauti vinatosha kwa mwaka mzima wa mazoezi. Ongeza kufuli ya mazoezi yenye mwili unaoonyesha ndani, ile ya plastiki angavu, hata kama umeshaizidi kwa ujuzi. Ninaisisitiza kufuli hii kwa sababu ya kazi yake ya pili: hakuna mwizi anayebeba kufuli ya kuonea pini zinavyopanda, na askari asiyejua lolote kuhusu mchezo huu akiishika mkononi na kuona zile pini tano na springi zake nyuma ya plastiki, anaelewa kwa sekunde kumi jambo ambalo maneno yako yangechukua nusu saa kulieleza.

Vitu vya kuacha ni hivi. Usinunue seti za funguo za kujaribia magari wala vyombo vya kuingiza kati ya kioo na mlango wa gari, kwa kuwa hakuna mchezaji wa kufuli anayevihitaji mezani. Usikusanye funguo malaya wala funguo zilizochongwa ili ziingizwe kwenye kufuli na kugongwa hadi ifunguke. Ufunguo malaya unafungua mlango wa mtu kwa sekunde moja bila ujuzi wowote, kwa hiyo huwezi kuuita zana ya kujifunzia, na ukikutwa na kishada chake maelezo yako yote kuhusu burudani yatakuwa yameshapoteza nguvu. Vifaa vya kunakili kadi za milango na rimoti viko katika uwanja mwingine kabisa: hapo unaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, ambazo zina masharti yake juu ya vifaa. Anayeanza na kufuli za chuma abaki kwenye kufuli za chuma.

Hatua ya tatu: nunua kwa njia inayoacha karatasi

Jedwali la Pili la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ndilo linaloorodhesha bidhaa zilizokatazwa na zile zenye masharti ya kuingizwa. Fedha za bandia zimo, silaha zimo, hata mashine za kupigia mihuri ya posta zimo. Vijiti vya kufuli havikutajwa. Unaweza kuviagiza, lakini viandike kwa jina lake la kweli kwenye tamko la forodha, kama "zana za mazoezi ya ufundi wa kufuli". Wapo wanaomwomba muuzaji aandike "vifaa vya kucha" ili mzigo upite haraka. Kutoa tamko la uongo ni kosa kwa sheria hiyo hiyo ya forodha, na pamoja na hilo umejitengenezea ushahidi wa maandishi kwamba ulikuwa unaficha kitu. Siku utakayotakiwa kueleza nia yako, karatasi hiyo itasema kinyume chako.

Kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia, mwambie asipeleke posta. Sheria ya posta ya nchi hiyo inazuia zana za kufungulia kufuli kutumwa kwa posta isipokuwa kwa mafundi vitasa, watengenezaji na wasambazaji wa kufuli, na wachache wengine waliotajwa. Wauzaji wa huko hutumia kampuni binafsi za usafirishaji, na yeye afanye hivyo.

Risiti ichapishe. Iliyomo kwenye simu haitakufaa simu ikiwa imezimwa au imeshikiliwa kama kielelezo. Mimi ninaweka nakala mbili, moja ndani ya kipochi na nyingine nyumbani pamoja na karatasi ya kutolea mzigo forodhani.

Hatua ya nne: mipaka ya mazoezi

Wachezaji wa kufuli duniani, tangu Wajerumani walipoanzisha chama chao cha Sportsfreunde der Sperrtechnik mjini Hamburg mwaka 1997 na wengine waliowafuata, wameshika masharti mawili ambayo yanafanana kila nchi. Usifungue kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe. Usifungue kufuli inayotumika, hata kama ni yako.

Sharti la pili huwashangaza wanaoanza, lakini ukiitazama kufuli kwa karibu utalielewa. Silinda ya kawaida ina pini tano, kila moja ikiwa ya vipande viwili, na springi nyembamba kama unywele wa farasi juu yake. Ukikaza silinda kupita kiasi huku ukiinua pini, shaba laini inachubuka, vumbi lake linadondoka ndani, na siku moja ufunguo wenyewe unakwama saa 5:00 usiku ukiwa nje na watoto. Kufuli ya mazoezi iwe ya mazoezi, ing'olewe mlangoni, na ibandikwe alama.

Kwa sharti la kwanza, liwekee uzito wa mazingira yetu. Kitasa cha chumba ulichopanga ni cha mwenye nyumba. Kufuli ya stoo ya ofisi ni ya mwajiri. Kufuli iliyookotwa jaani pamoja na chuma chakavu inunue kwa aliyeiokota, akuandikie hata kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu kufuli yenye alama za kung'olewa mlangoni ni kitu kinachoweza kuulizwa kilikotoka. Ukitaka kufuli za bei nafuu, mafundi wanaobadilisha vitasa huwa na debe zima la vile vya zamani, nao huviuza kwa bei ya shaba.

Halafu liko jaribu ambalo kila mpenzi wa kufuli atakutana nalo. Jirani amefungiwa nje, anajua unachokipenda, anakuja usiku kukuomba. Utu unakusukuma umsaidie. Ushauri wangu ni kwamba usifungue, bali umpigie simu fundi vitasa na ukae naye hadi fundi afike, hata umlipie kama hana. Mwanamume aliyetengana na mkewe husema ile ni nyumba yake. Mpangaji aliyefukuzwa husema amesahau ufunguo. Wewe huna njia ya kujua, na ukifungua umevunja wewe. Ikiwa hakuna fundi na ndani kuna mtoto au jiko linawaka, aitwe mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au mzee wa Nyumba Kumi kwa Kenya, na mlango ufunguliwe mbele yake na mbele ya majirani, kisha majina ya waliokuwepo yaandikwe.

Hatua ya tano: hifadhi nyumbani

Tenga mahali pamoja, meza au kabati, na vitu vyote vya mchezo huu viwe hapo: vijiti, jiliwa, kufuli zilizofunguliwa na zisizofunguliwa, pini za akiba, na daftari. Daftari ndilo chombo chako bora cha kisheria. Andika tarehe, aina ya kufuli, idadi ya pini, muda uliotumia, na kilichokushinda. Langu lina maandishi ya kufuli moja ya shaba iliyonisumbua kwa wiki tatu, na kurasa hizo zenye michoro ya pini na madoa ya mafuta haziwezi kutungwa kwa siku moja na mtu anayetafuta kisingizio. Kumbuka kwamba mshtakiwa aliyebebeshwa mzigo wa kuthibitisha hatakiwi kufikia kiwango kile cha upande wa mashtaka cha kutoacha shaka. Inatosha maelezo yake yaonekane kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Daftari la miezi kumi linafikisha maelezo yako hapo.

Vijiti vyenyewe vifungie. Kijana wa nyumbani akivichukua na kuvitumia kwa jirani, swali la kwanza la polisi litakuwa nani alimfundisha.

Mwambie mtu. Wazazi, mwenza, wapangaji wenzako na, kama mnaelewana, mjumbe wako. Siri ndiyo inayofanya kitu cha kawaida kionekane kiovu, na mjumbe anayejua tangu zamani kwamba kijana wa nyumba ile ni mtu wa kufuli atakuwa shahidi wako.

Hatua ya sita: kusafiri na vijiti

Kanuni yangu ni kwamba vijiti havitoki nyumbani bila safari yenye jina: ninakwenda kwa fulani, tunafanya mazoezi, tunamaliza saa fulani. Havikai kwenye begi la kila siku wala kwenye kishikio cha funguo. Kwa Kenya, kumbuka, hatari inaanzia mlangoni unapotoka. Kwa Tanzania Bara inaanzia mlangoni mchana kwa kiasi kidogo na kuwa kubwa saa 1:00 jioni ikigonga. Mkutano wa wapenda kufuli upangwe asubuhi, na uishe mapema kiasi kwamba aliyetoka mbali awe amefika kwake kabla ya saa hiyo, foleni ikiwemo.

Ndani ya begi weka kipochi pamoja na kufuli za mazoezi, risiti, daftari na kitambulisho. Angalia pia kisichopaswa kuwemo. Glovu, bisibisi kubwa, mtaimbo, kofia ya kufunika uso na tochi ya kichwani, kila kimoja peke yake ni kitu cha kawaida, lakini vikikaa pamoja na vijiti vinasema hadithi moja. Sheria za nchi zote mbili zinamtaja kwa jina mtu aliyeficha au kupaka uso wake kwa nia ya kutenda kosa, tena ndani ya vifungu hivi hivi. Fundi umeme anayependa kufuli aweke mifuko miwili na siku mbili.

Kwa ndege, weka vijiti kwenye mzigo unaopakiwa chini, na kabla ya kuvuka mpaka soma sheria ya unakokwenda.

Hatua ya saba: pesa inapoingia

Siku utakapofungua mlango wa mtu kwa malipo umekuwa fundi, na burudani si sababu yako tena. Pata leseni ya biashara, kaa mahali panapojulikana, na uwe na kitabu ambamo mteja anaandika jina, namba ya kitambulisho, anwani na saini kabla hujagusa kitasa. Mwongozo huu hauendi mbali zaidi kwa upande huo.

Hatua ya nane: ukisimamishwa

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtu anaweza kufuata yote yaliyotangulia na bado akaharibu kila kitu kwa dakika tano za hofu.

Hatari ya kwanza mitaani kwetu mara nyingi si mahakama. Ni neno "mwizi" likipigwa kelele. Mwaka jana nilichelewa kutoka kwa rafiki, nikashuka kwenye daladala saa 1:40 usiku, na vijana wa ulinzi shirikishi wakataka kuona begi langu. Aliyeshika tochi alikifungua kipochi, akavitazama vijiti, kisha akanitazama mimi bila kusema neno, na nikaona wenzake wawili wakisogea. Nilitaka sana kuanza kueleza pini na silinda. Badala yake nilisema jina langu, nikasema ninaishi nyumba ya pili kutoka kwenye bomba la maji, na nikaomba twende wote kwa mjumbe au kituoni, popote wanapotaka. Twende kituoni. Maneno hayo mawili yalipoza mambo kuliko maelezo yoyote, kwa sababu mwizi hayasemi. Tulikwenda kwa mjumbe, akacheka, akaiomba kufuli ya plastiki aione. Ningekuwa nimekimbia, hata hatua kumi, nisingekuwa nikiandika haya.

Basi usikimbie, usirushe kipochi, usinyang'anyane begi. Kipochi kilichotupwa mtaroni kinakuwa ushahidi kwamba ulijua una hatia. Kama kundi linakua, omba polisi kwa sauti inayosikika. Raia wanaomkamata mtu wanapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, nawe utakuwa salama zaidi ndani ya kituo.

Ukiwa mbele ya polisi, sema mambo matatu kwa utulivu: hivi ni vijiti vya mazoezi ya kufuli, ni vyangu na risiti ni hii, ninatoka mahali fulani na kwenda nyumbani. Usidanganye kuwa wewe ni fundi. Uongo mmoja mdogo ukigundulika, upande wa mashtaka hautahitaji kutafuta kingine cha kuivunja sababu yako halali. Usijitolee kuonyesha ustadi wako kwa kufungua pingu au kufuli ya kituo, hata ukiombwa kwa utani.

Ukishikiliwa, haki zako zinaanza kufanya kazi. Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wakati mahakama imefungwa. Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaweka saa nne za msingi za kukuhoji tangu ukamatwe, na inakupa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria. Kenya ina sheria yake ya msaada huo ya 2016 na Tanzania ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wanapatikana hadi wilayani. Kabla ya wakili kufika, maelezo yako mafupi ya mwanzo yanatosha. Usisaini maelezo ambayo hukuyasoma, na kama yameandikwa kwa lugha usiyoimudu omba yasomwe kwa Kiswahili.

Vijiti vikichukuliwa, dai hati ya ukamataji mali. Sheria ya Tanzania inamtaka askari aliyekamata mali baada ya upekuzi atoe stakabadhi yenye saini ya mwenye mahali na ya mashahidi. Hakikisha kila kijiti kimehesabiwa na kufuli ya mazoezi imeandikwa pia. Kipochi kikifika mahakamani peke yake, bila ile kufuli ya plastiki na bila daftari, hakimu ataona nusu ya ukweli, na ile nusu inayokuumiza. Kama askari anakataa kuviandika kwa sababu anaviona takataka, mwombe kwa heshima aviandike hivyo hivyo, "kufuli moja ya plastiki, daftari moja", kisha chukua nakala yako na uikabidhi kwa ndugu aliyekuja kukuona kituoni, aitunze pamoja na ile risiti ya pili uliyoiacha nyumbani.